Kreni ya kukata miti Malindi: unalipia mita, si tani

Ukiwa na mwembe mkongwe nyuma ya nyumba, au mvinje uliolalia paa la makuti upande wa Casuarina, Malindi utapata watu wa aina tatu wa kuuteremsha. Yuko mkwezi mwenye kamba, panga na msumeno wa injini. Liko lori lenye kreni mgongoni, lile ambalo kila mtu huliita Hiab hata likiwa limeundwa na kampuni nyingine. Na iko kreni kamili ya magurudumu, mara nyingi ya tani 25, inayoletwa kutoka Mombasa, kilomita 120 hivi za lami. Wazee wa bandarini bado huiita winchi. Tathmini hii ni ya hiyo ya tatu, na neno kidogo kuhusu ya pili kwa kuwa ndiyo inayotembezwa sana na ndiyo inayotumiwa vibaya.

Tuseme ubora wake kwanza. Mkwezi anapokata kipande na kukishusha kwa kamba, uzito wote wa kile kipande, pamoja na kishindo cha kuanguka kwake, unarudi kwenye shina lilelile alilojifunga yeye. Shina likiwa zima, mkwezi hodari anaimaliza kazi hiyo vizuri na kwa bei ya chini sana. Likiwa na uwazi ndani, limeliwa na mchwa au limepasuka kwenye panda, kila kipande ni kamari. Kreni inaondoa kishindo hicho. Kipande kinaning'inizwa kwanza, kinakatwa baadaye, kisha kinapandishwa juu na kupelekwa kando. Hakuna kinachoanguka. Kwa mti uliooza, mti uliosimama juu ya paa, au uliozungukwa na kuta pande tatu, hatuoni njia nyingine ya kuaminika. Kwa mti mzima wenye uwanja wa kuangukia, kreni ni hasara tupu.

Sasa tani. Tani 25 ni jina la mashine, si uzito itakaoubeba uani kwako. Uzito ule hubebwa mkono ukiwa mfupi na ndoano ikiwa mita 3 hivi kutoka katikati ya mashine, mahali ambapo hakuna mti wa mtu yeyote. Mashine nyingi za ukubwa huu, ndoano ikifika mita 10, zimebakiwa na tani 5 au 6. Ikifika mita 20, hazifiki tani 2. Na hapo bado hujatoa uzito wa ndoano yenyewe, mikanda na viungo vya chuma, ambavyo kwa pamoja vinapita kilo 200 bila shida. Nyumba nyingi za mjini zinatazama barabara na mti uko nyuma, kwa hiyo kreni inasimama mbele na kunyoosha mkono juu ya paa. Mita 18 zinakwisha hivi hivi. Ndiyo maana swali la kumwuliza mwenye kreni si "ina tani ngapi", ni "ndoano yako itakuwa mita ngapi kutoka katikati, na hapo jedwali linasemaje?" Opereta wa kweli atachomoa jedwali la mizigo kwenye kibanda chake na kukuonyesha kwa kidole. Anayekujibu "usiwe na wasiwasi, hii ni tani ishirini na tano" msindikize mpaka mlangoni.

Upande wa pili wa hesabu ni mti. Mti mbichi ni maji, na maji ni mazito. Kwa mwembe tunahesabu kilo 1,000 kwa mita moja ya ujazo, kwa mvinje 1,200, na hatupunguzi hata mti ukionekana umekauka, kwani mara nyingi umekauka nje tu. Hesabu yenyewe haihitaji mhandisi: pima kipenyo kwa mita, kizidishe kwa chenyewe, zidisha kwa 0.785, kisha zidisha kwa urefu. Gogo la sentimita 80 lenye urefu wa mita 2 ni mita moja ya ujazo: tani 1 likiwa la mwembe, tani 1.2 likiwa la mvinje. Gogo la sentimita 60 na mita 3 ni kilo 850 kwa mwembe, zaidi ya 1,000 kwa mvinje. Shina la sentimita 90 lenye urefu wa mita 5 linapita tani 3, na kwa mashine iliyosimama mita 18 hilo si la kugusa.

Matawi yenye majani ndiyo yanayodanganya. Hayana kipenyo cha kupima, yakinyeshewa yanaongezeka uzito, na kwenye panda mti huwa mzito kuliko jicho linavyodhani. Kwa hiyo vipande vya mwanzo visizidi nusu ya kile jedwali linachoruhusu. Kila kipande kikishaachana na mti, opereta asome kipimo cha uzito kwenye kibanda na kuutangaza kwa sauti. Kama mkwezi alikadiria kilo 600 na kipimo kinasema 850, kipande kinachofuata kinafupishwa, hakuna mjadala. Baada ya vipande vitano au sita makadirio yanakuwa yamekaa sawa, na hapo unaweza kupanda hadi robo tatu ya jedwali. Zaidi ya hapo sisi hatuendi, kwa sababu kwenye ujenzi uzito wa mzigo unajulikana, kwenye mti unakisiwa.

Mbuyu ni habari nyingine kabisa. Mti wake ni kama sponji iliyolowa, nyuzi zake hazishiki, na mkanda unazama kwenye gamba na kulichuna. Ukikubaliana na mtu akukatie mbuyu kwa kreni, mwambie afunge mikanda miwili kwa kila kipande na akate vipande vidogo kuliko anavyotaka. Majini wake hawamo kwenye jedwali.

Kinachotutisha zaidi Malindi, hata hivyo, si mti. Ni ardhi. Chini ya nyua za mji huu kuna mashimo ya vyoo yaliyochimbwa kwenye jiwe la matumbawe, yakafunikwa kwa zege jembamba na mchanga, kisha yakasahauliwa nyumba ilipouzwa. Kuna visima vya zamani, kuna mabirika ya maji. Juu unaona ua safi uliofagiwa, chini ni tundu. Kreni ya tani 25 yenyewe ina uzito kama huo au zaidi, na mkono ukigeukia pembe moja, mguu mmoja unaweza kubeba tani 20. Kiatu cha chuma cha mguu huo, sentimita 40 kwa 40, kinakandamiza tani 125 kwa kila mita ya mraba. Kiweke juu ya jukwaa la mbao nzito la mita 1.2 kwa 1.2 na mkandamizo unashuka hadi tani 14. Tofauti ya kazi salama na kreni iliyolala juu ya paa la jirani ni zile mbao.

Kwa hiyo kagua mwenyewe kabla ya siku ya kazi. Muulize mzee jirani choo cha zamani kilikuwa wapi, si fundi aliyekuja mwaka jana. Piga mtaimbo chini kila mahali mguu utakapokanyaga na usikilize: jiwe zima linalia kwa ukali, tundu linaitika. Kama shimo linajulikana na kina chake ni mita 4, mguu ukae mita 4 au zaidi kutoka ukingo wake. Karibu na bahari, ambako chini ni mchanga mtupu, mbao ziwe pana zaidi na mchanga usawazishwe kwanza, usijazwe kwa vipande vya matofali vitakavyopasuka. Miguu yote minne itolewe mpaka mwisho. Ukuta ukizuia mguu mmoja kutoka nje, jedwali linabadilika upande huo na opereta hana ruhusa ya kujifanya halijabadilika. Baada ya kipande cha kwanza kazi isimame, mtu azunguke miguu yote na kuangalia kama mbao zimezama au zimeinama. Kampuni isiyofanya hivyo bila kuambiwa haijui kazi ya miti, hata ikiwa imeshusha makontena miaka ishirini.

Twende juu kwenye mkanda, maana hapo ndipo utaujua ufundi. Mikanda ya kitambaa ina rangi zake: zambarau ni tani 1, kijani 2, njano 3, kijivu 4, nyekundu 5. Lakini ukiufunga kwa kitanzi cha kukaba, na mti karibu wote hufungwa hivyo, mkanda unabakiwa na asilimia 80. Wa kijani unakuwa wa tani 1.6. Mikanda miwili iliyotanuliwa inaongeza mzigo wake yenyewe: pembe kati yake ikifika nyuzi 120, kila mmoja unabeba uzito wote kana kwamba uko peke yake. Angalia lebo. Mkanda usio na lebo hauna uwezo unaojulikana. Angalia pia chembe za mchanga zilizojipenyeza kwenye nyuzi na utomvu uliokauka ukawa mgumu, kwani vyote viwili hukata nyuzi kutoka ndani. Kwenye waya wa kreni, hewa ya chumvi ya pwani inakula kimyakimya: nyaya ndogo 6 zilizokatika ndani ya msokoto mmoja, waya huo ni wa kutupwa.

Tawi lililosimama wima linafungwa juu ya katikati ya uzito wake, kama theluthi ya juu, ili likikatwa libaki limesimama. Kitako chake ndicho kizito, na kitako kizito chini hutulia. Tawi lililolala linahitaji mikanda miwili, mmoja karibu na kitako na mwingine kuelekea ncha, ndoano ikiwa wima kabisa juu ya katikati ya uzito. Ndoano ikiwa pembeni, mara tu nyuzi za mwisho zinapokatika tawi litaenda kuitafuta ndoano, na litapita pale aliposimama mkwezi. Hilo ndilo kosa linaloumiza watu kwenye kazi hii, na halitokani na mashine mbovu bali na haraka.

Kisha kukaza. Opereta anavuta polepole mpaka kipimo kisome karibu na uzito uliokadiriwa. Akivuta kidogo mno, kipande kinashuka ghafla kikikatika na kreni inapigwa kishindo. Akivuta kupita kiasi, kinaruka juu kama samaki aliyenasa, na mkono wote unatikisika. Dalili ni msumeno: ukibanwa kwenye mkato kabla ya nusu, mvuto ni mdogo, mkato ukifunguka haraka kuliko msumeno unavyokula, mvuto umezidi. Kwenye tawi lililolala mkwezi anaanza chini, theluthi moja, kisha anamalizia juu. Baadhi huacha kipande chembamba cha mti bila kukata, huzima msumeno, husogea upande wa pili wa shina, ndipo humwomba opereta akivunje kwa kuvuta taratibu. Tunaipenda njia hii. Inachukua dakika moja zaidi kwa kila kipande.

Mkwezi hajifungi kwenye kipande kinachoondoka, kamwe. Anajifunga kwenye shina linalobaki, chini ya mkato, kwa kamba mbili, mojawapo yenye waya ndani ili msumeno usiipitie kirahisi. Marekani, ANSI Z133, kiwango cha usalama cha wakata miti, kinaruhusu mkwezi mwenye sifa kuinuliwa na kreni kwa masharti makali. Ukiona hapa kijana ananing'inia kwenye ndoano kwa mkanda uleule wa magogo, usidhani ni kitu hichohicho.

Watu wa chini si wengi: mtoa ishara mmoja anayeonekana na opereta, wawili wa kufungua mikanda, na mmoja wa kuzuia watoto na pikipiki za bodaboda. Opereta akiwa mbele ya nyumba hauoni mti ulio nyuma, hivyo bila redio za mkononi kazi isianze. Ishara zinatoka kwa mtu mmoja. "Simama" inaweza kutoka kwa yeyote, hata kwa mpishi dirishani.

Kazi ianze mapema. Kusi likivuma, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, saa 1 asubuhi pametulia na saa 8 mchana mvinje wote unapiga mluzi. Kreni nyingi zina kikomo cha upepo karibu mita 10 kwa sekunde, lakini tawi lenye majani ni tanga, kwa hiyo simamisha kabla ya hapo. Matawi ya juu yaondoke kabla ya saa 4; magogo matupu ya shina yanaweza kusubiri jua. Kabla ya kupanda, piga shina kwa nyundo ya mti na utafute nyuki kwenye uwazi. Maji moto, wale chungu wekundu wa kwenye mwembe, hawatakuua, lakini mkwezi anayewapangusa machoni huku ameshika msumeno anaweza kujikata.

Kuhusu umeme, kiwango cha Marekani kwa nyaya za hadi kilovolti 50 ni umbali wa mita 3 kwa kreni na mzigo wake. Sisi tunasema uzimwe. Omba Kenya Power mapema, upate siku kwa maandishi, na siku hiyo usiamini kwamba umezimwa mpaka wao wenyewe waseme. Nyaya za 11 kV zinazopita juu ya vichochoro hazina gamba la kuzuia umeme.

Lori lenye kreni mgongoni linafaa kwa minazi mifupi, matawi ya barabarani na kubeba magogo yaliyokwisha kulala chini. Uwezo wake huandikwa kwa tani-mita. Gawanya kwa umbali: la tani-mita 12 kwa mita 10 ni tani 1.2 kwenye karatasi, na ukitoa uzito wa mkono wenyewe inabaki kidogo sana. Mengi hayana kipimo cha uzito cha kusoma, kwa hiyo dereva anajua mzigo umezidi pale matairi ya upande wa pili yanapoinuka. Kwa mwembe mkubwa juu ya nyumba tunalikataa moja kwa moja, hata bei ikiwa theluthi.

Karatasi za kudai ni chache. Cheti cha ukaguzi wa kreni kutoka kwa mkaguzi aliyeidhinishwa chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, na kisiwe kimepita miezi 12. Cha mikanda na viungo kisipite miezi 6. Bima inayotaja mali ya jirani. Kibali cha kaunti cha kukata mti mjini, na kama magogo yatatoka kwa lori, kibali cha kuyasafirisha kutoka KFS, Shirika la Misitu la Kenya. Mwenye kampuni akikuambia vyeti viko ofisini Mombasa, mwambie vije pamoja na kreni.

Bei hutajwa kwa siku, na hapa ndipo watu wengi huumia. Uliza saa inaanza kuhesabiwa wapi: Mombasa, au mguu wa kwanza ukikanyaga mbao? Nani analipa siku ikivuma upepo? Lori la takataka limo au halimo? Tangu mkanda kufungwa hadi kipande kulala chini ni dakika 10 hadi 15, na mwembe mkubwa unaweza kutoa vipande 20. Hiyo ni siku nzima ikiwa uwanja uko tayari, na siku mbili ikiwa vibarua wanahamisha mawe huku kreni imesimama inakula pesa zako. Usimlipe mkwezi apunguze matawi yote siku moja kabla. Kreni inachukua tawi kubwa pamoja na majani yake kwa mkupuo mmoja, na ndiyo faida uliyoinunua.

Faida nyingine haitajwi kwenye makubaliano. Shina la mwembe lililonyooka, refu mita 5 na lisilo na uwazi, linatosha kuchongwa mtumbwi. Likikatwa vipande vya futi mbili ni kuni za mama ntilie. Kama kreni inaweza kusogea karibu baada ya matawi kuondoka, ndoano ikawa mita 8 badala ya 18, omba shina litoke zima na utafute mchongaji kabla ya siku hiyo. Mkilifi, yaani mwarobaini, nao una wanunuzi kwa wachonga vinyago.

Wasomaji wa Amu, kisiwani Lamu, watusamehe: vichochoro vyenu vya punda havipitishi kreni, na kuivusha kutoka Mokowe, ng'ambo ya bara, kwa tishali kwa ajili ya mti mmoja ni kichekesho. Kwenu ni kamba, kapi na mkwezi mwenye subira.

Mwisho ni kisiki. Opereta atajitolea kukinyanyua "kwa kuwa tuko hapa". Kataa. Mizizi iliyoshika matumbawe haina uzito wa kukadiria. Kreni inavuta, kipimo kinapanda, kisha mzizi unakatika ghafla na mkono unarudi nyuma kwa nguvu zote zilizokuwa zimejikusanya. Kisiki kichimbwe kwa sururu na shoka, kikatwe mizizi pande zote, na kinyanyuliwe kikiwa kimekwisha kulegea. Kama uliondoa mnazi, usiache gogo lake lioze uani: chonga, wale mbawakawa wenye pembe wanaokula minazi, watazaliana humo na kuhamia minazi ya jirani.